Mwenye Funguo wa Meza ya Pembeni

Taa ya meza ya pembeni iligeuka kijani.

Asali aliiona kwa pembe ya jicho, akadhani macho yake yamechoka. Kila simu katika ukumbi ule ilikuwa na kitaa kidogo ubavuni: chekundu simu ikiita, kijani mtu akishapokea. Na meza ya pembeni, ile iliyosukumwa kule karibu na stoo ya viti vibovu, haikuwa na mtu wa kupokea. Haikupata kuwa naye. Simu iliachwa pale kwa sababu fundi wa nyaya alisema akiigusa safu nzima itazimika, na hakuna aliyetaka kumbembeleza fundi yule arudi mara ya pili.

"Kasuku," Asali alimnong'oneza jirani yake, huku amefunika kipaza sauti kwa kiganja. "Nani amekaa pembeni?"

"Nani akae kule? Panya?"

"Taa ni ya kijani."

Kasuku, ambaye jina hilo alilipata kwa mdomo wake, alinyoosha shingo, akatazama, akaguna. "Balbu imekufa hiyo. Kila kitu humu ndani kinakufa kasoro malengo ya mwezi."

Asali akacheka kidogo, kicheko cha kuazima. Hakuwa na la kuchekea. Kabla hajaenda kula yeye mwenyewe ndiye aliyehamishia simu kule, na alimjua aliyekuwa upande wa pili.

Mficha maradhi, kilio humuumbua, kwa hiyo na tuseme mambo yalivyokuwa. Ukumbi ule ulikuwa wa huduma kwa wateja wa kampuni ya malipo ya mtandaoni. Watu waliweka humo fedha zao, wakalipana humo, na siku akaunti ikijifunga, kama mlango unavyojibamiza kwa upepo na ufunguo umebaki ndani, walipiga simu. Wale waliopokea hawakuwa na uwezo wa kufungua. Uwezo ulikuwa ghorofa ya juu, katika chumba cha uhakiki. Anayetaka mteja wake asaidiwe kweli ilimpasa ainuke, apande ngazi, agonge, aeleze, asimame pale mpaka kazi iishe. Hakuna aliyekatazwa. Ila ukitoka kitini, au ukikawia mno na simu moja, jina lako liligeuka jekundu kwenye ubao mkubwa wa ukutani, na msimamizi alipenda kuyasoma majina mekundu kwa sauti kabla watu hawajaenda kula.

Basi wakajitafutia mlango wa uani. Mteja akizidi kung'ang'ania, anahamishiwa meza ya pembeni. Kompyuta ilihesabu kuwa simu ile imekwisha, imepelekwa mbele. Mteja alisikia muziki, akasubiri, akachoka, akakata mwenyewe. Na aliyeipa njia hiyo jina ni Asali. Siku moja mwanamume mkali alikataa kuhamishwa mpaka aambiwe anapelekwa kwa nani. Asali, ambaye sauti yake ndiyo iliyompa jina, akasema bila hata kufikiri, "Nakupeleka kwa mzee wetu, Mwenye Funguo. Yeye ndiye mkubwa wa kufungua. Usikate simu."

Wenzake walicheka mpaka wakafuta machozi. Tangu hapo likawa neno la ukumbi. "Mpeleke kwa Mwenye Funguo." "Mwenye Funguo leo ana foleni." Waliopita karibu na ile meza walimwamkia: "Shikamoo, Mwenye Funguo!" Siku moja Kasuku alimwekea kikombe cha chai, akamvutia kiti kama mtu anayemkaribisha mgeni, wakapiga picha. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Mteja wa mchana ule alikuwa mama mshonaji. Kila siku alipiga, na kila siku alianza kwa kusalimia na kuulizia hali. Wazazi wa shule moja walikuwa wamemlipa ashone sare za watoto wao. Malipo yalipoingia yote kwa mkupuo, akaunti ikashtuka, ikajifunga. Mwenye duka la vitambaa naye hakopeshi. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na wazazi walikwisha kuanza kusimama mlangoni kwake.

"Mwanangu, nimetuma picha ya kitambulisho kama ulivyoniambia," alisema. "Nikatuma tena. Wananijibu nithibitishe kwa laini ya simu niliyojiandikishia. Ile laini ilikuwa ya marehemu mume wangu. Nimthibitishe vipi, nimfukue?"

"Pole sana, mama. Nakuelewa."

"Sidhani kama unanielewa. Leo mama mmoja kaniita mwizi mbele ya binti yangu. Mimi tangu nizaliwe sijachukua hata uzi wa mtu. Kitambaa kinachobaki narudisha. Niambie tu, yupo mtu hapo anayeweza kunisikiliza?"

Asali alitazama saa. Wenzake walikuwa wanavua hedifoni kwenda kula. Ngazi zilikuwa hatua chache kutoka alipoketi.

"Yupo, mama," alisema kwa sauti yake ya asali. "Nakupeleka kwa Mwenye Funguo. Subiri hapo hapo. Usikate simu."

"Mungu akubariki, mwanangu. Sikati."

Akabonyeza. Akaenda kula. Aliporudi ndipo alipoiona taa.

Mchana wote ule jicho lake halikutulia. Mfanyakazi yeyote aliweza kusikiliza simu ya mwenzake kwa kubonyeza namba ya meza yake. Ndivyo wageni walivyofundishwa kazi. Asali alijizuia, akajizuia, mwishowe akabonyeza.

Kwanza alisikia funguo. Nyingi, zikigongana polepole, kama mtu anayezipitisha vidoleni moja moja akitafuta iliyo sawa na hana wasiwasi kwamba ataipata. Kisha sauti ya mzee, ya chini, pole, sauti ambayo hakuna mtu wa ukumbi ule aliyekuwa nayo.

"Umetumwa na nani, mama?"

"Na binti mmoja. Ana sauti tamu."

"Namjua. Yeye ndiye aliyenipa kazi. Haya, nieleze, mama. Anza mwanzo kabisa. Mimi sina haraka."

Na yule mama akaanza. Akaeleza habari za akaunti, na kutoka akaunti akaingia kwenye maneno ya wazazi mlangoni, na kutoka hapo akamfikia mumewe, jinsi alivyokuwa akimshikia taa ashone umeme ukikatika, na jinsi tangu afariki hakuna aliyewahi kumuuliza yeye amelalaje. Na kila alipotua kuvuta pumzi ile sauti ilisema "naam," ikasema "endelea, mama," ikasema "niko hapa," nazo funguo zikiendelea kugongana, kugongana, mpaka Asali akahisi baridi inampanda mgongoni kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, na pamoja na baridi hiyo ikaja harufu, ya chuma chenye kutu kilichonyeshewa, na chini yake harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi.

Alivua hedifoni. Harufu haikuondoka.

Akajikaza, akaenda mpaka pembeni, akijifanya anatafuta karatasi stoo. Kiti kile, ambacho sponji yake ilikuwa imevimba kwa kutokaliwa, kilikuwa kimebonyea katikati. Alitia mkono juu yake. Kilikuwa na joto. Na chini ya kiganja chake ile sponji ilizidi kudidimia, taratibu, kama mtu anayejisogeza ili apate kukaa vizuri zaidi.

Asali aliufyatua mkono. Na alilofanya baada ya hapo ndilo lililomuuma baadaye kuliko hofu yenyewe: alirudi mezani kwake, akajiambia, angalau kuna anayemsikiliza, akapokea simu nyingine.

Taa haikuzimika jioni. Asubuhi yake aliikuta vilevile.

"Mwenye Funguo yuko bize," Kasuku alilalamika. "Nampelekea watu, simu inaniambia inatumika. Anaongea na nani huyu mzee, mchumba?"

Watu wakacheka. Asali alingoja wageukie kazi zao, akapita kule, akauvuta waya wa simu kwa nguvu. Ukachomoka wote, ukabaki unaning'inia mkononi mwake kama mkia wa mjusi. Safu haikuzimika. Taa ilibaki ya kijani.

Siku iliyofuata msichana alipiga.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

"Dada, sijapiga kwa ajili ya akaunti." Sauti ilikuwa ya mtu anayeongea akiwa amejificha. "Naomba mnisaidie mama yangu akate simu."

"Samahani, sijakupata."

"Mama yangu ni mshonaji. Aliwapigia juzi mchana. Mpaka leo hajaitoa simu sikioni. Hali. Maji nammiminia mdomoni. Nikimshika mkono ananiambia, shh, nimeambiwa nisikate."

"Labda, labda laini imeganda. Zimeni simu halafu…"

"Dada, simu imezima! Chaji iliisha siku ile ile. Nimetoa betri mwenyewe, hii hapa nimeishika. Na bado anajibu. 'Naam, baba. Nipo, baba.'" Msichana alianza kulia, kilio cha kumeza. "Dada, mama yangu anaongea na nani?"

"Tunaomba radhi kwa usumbufu," ulimi wa Asali ulisema wenyewe, kwa mazoea.

"Usumbufu?" msichana akasema.

Asali alifunga macho. Alipoyafungua alikuwa analia, na ubaoni jina lake lilianza kuiva. "Nielekeze mnakokaa," alisema. "Nakuja mwenyewe. Usimwache peke yake."

Hakwenda peke yake. Alipitia kwanza kwa Mwalimu, mzee aliyemfundisha kusoma Kitabu utotoni, mtu mkavu, mwenye masihara kidogo, anayejulikana kwa dua zake. Alimkuta ametoka kutawadha kwa ajili ya swala ya alasiri, maji yanamdondoka ndevuni.

"Mwalimu, kuna tatizo kazini kwetu."

"Kazini kuna tatizo, au wewe una tatizo?"

Akamsimulia. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza, na Asali, aliyezoea kila mazungumzo kupimwa kwa saa, alijikuta anaona haya.

"Aliyemtungia jina ni nani?" Mwalimu aliuliza.

"Sisi, Mwalimu."

"Nyote mlifumbua kinywa kwa pamoja?"

Asali aliinamisha kichwa. "Ni mimi."

"Haya, sasa tunaongea." Mwalimu alijifuta uso. "Majini ni viumbe kama sisi, mwanangu. Wapo wema, wapo waovu, na hakuna wanachokipenda kama mahali patupu. Nyinyi mmetunga jina, mmevuta kiti, mmeamkia, mmetenga chai, kisha kutwa kucha mnaita. Mlidhani hatatokea wa kuitika?"

"Lakini hana ukali, Mwalimu. Ni mpole."

"Ndicho kinachonitisha. Angekuja na pembe, watu wangekimbia. Huyu amekuja na subira. Amempa yule mama kitu ambacho nyinyi mlimnyima, na anamla kwa kitu hicho hicho." Alitwaa kofia yake. "Nitakwenda nisome. Ila lijue hili mapema. Kuna dhambi kati yako na Mola wako, hiyo ukitubu kwa kweli anakufutia. Na kuna haki ya mja. Hiyo Mungu amemwachia mja mwenyewe aisamehe. Mimi naweza kumtoa huyu nje ya mlango. Yule mama asipokusamehe, mlango utabaki wazi."

Walifika jua likitua. Mlangoni kwa mshonaji mtu alikuwa ameandika MWIZI kwa mkaa, na msichana alikuwa amejaribu kufuta, pamebaki weusi mpana ambamo neno lilisomeka bado. Ndani palikuwa chumba kimoja, kitanda, cherehani iliyofunikwa kwa khanga. Mama mshonaji alikuwa ameketi kitandani, kiwiko chake kimewekewa mto, simu sikioni. Sikio lenyewe lilikuwa jekundu kama nyama. Alikuwa anatabasamu.

"Naam, baba," alisema taratibu. "Nipo. Nasubiri."

Harufu ya kutu na utambi ilikuwa imejaa chumbani. Msichana alimkumbatia Asali bila kumjua, kama mtu anayezama anavyokumbatia chochote, na kumbatio lile lilimchoma Asali kuliko kofi.

Mwalimu aliketi, akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya kawaida, bila mbwembwe. Mara funguo zikasikika. Zilitoka ndani ya ile simu isiyo na betri, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, kisha zikakoma ghafla.

"Mwalimu," sauti ya mzee ikasema, "usijichoshe. Sikumteka huyu. Nimeletewa."

"Toka kwa mja wa Mungu."

"Niende wapi? Nilikuwa hewa tu, napita, sina langu wala wangu. Wakanipa jina. Wakanipa kiti. Wakaniamkia asubuhi na jioni. Wakanipelekea watu wanaolia, nami nikawasikia wakilia peke yao kwenye muziki, mpaka siku moja nikaweza kunyanyua ile simu." Ikatua, na Asali akahisi imegeuka kumtazama, ijapokuwa haikuwa na macho. "Na wewe hapo mlangoni. Hujambo, mama yangu?"

"Mimi si mama yako," Asali alisema kwa midomo iliyokufa ganzi.

"Aliyenipa jina si ndiye aliyenizaa? Unanikana mbele za watu? Huyu mama amenieleza maisha yake yote. Wewe ulimpa dakika ngapi?"

Mwalimu hakuacha kusoma, ila alimwashiria Asali kwa mkono, asogee. Asali akapiga magoti kando ya kitanda, akaupeleka mdomo karibu na lile sikio jekundu, karibu na ile simu, na baridi iliyokuwa inatoka humo ilikuwa kama ya kisima kilichofunuliwa, na ndani ya baridi aliwasikia kwa mbali wote, yule mwanamume mkali wa kwanza, na mwanamke aliyekuwa na mtoto mchanga, na mzee aliyekuwa akikohoa, wote aliowahi kuwaambia wasikate, kila mmoja akisema "halo, halo," mpaka alitamani azibe masikio akimbie asirudi, lakini msichana alikuwa amemshika nguo.

"Mama," alisema. "Ni mimi binti wa simu. Hakuna Mwenye Funguo. Hakuna mzee. Ni meza tupu na kiti kibovu, na jina hilo nililitunga mimi. Uliniuliza kama kuna mtu wa kukusikiliza, nikakwambia yupo. Nilikudanganya. Sikuwa na kazi nyingi. Nilitaka kwenda kula, mama. Kata simu."

Tabasamu la mama mshonaji likatetemeka, likaanguka. Vidole vikaachia. Simu ikagonga sakafu, na sauti ya funguo ikapita chumbani mara moja, kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine, ikanyamaza.

"Maji," mama alisema.

Msichana alimnywesha huku akilia na kucheka. Mwalimu alimaliza kusoma, akampulizia. Mama mshonaji alinywa, akapangusa mdomo, kisha akamtazama Asali kwa muda mrefu.

"Mbona yeye alijua kusikiliza?" aliuliza.

Asali akamshika miguu, akaomba msamaha kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Mama mshonaji aligeukia ukutani, akalala. Hakukataa. Wala hakukubali.

Kesho yake Asali alipanda zile ngazi. Jina lake lilikuwa jekundu ubaoni, akaliacha liwe. Katika chumba cha uhakiki alimkuta mwanamume mmoja anatafuna karanga. Mwanamume alisikiliza, akauliza maswali mawili, akampigia binti wa mshonaji, akabonyeza bonyeza, akafuta vidole.

"Tayari."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Kwani siku hizi mbona hamji? Nilidhani wateja wamekwisha."

Alishuka ngazi. Akaenda moja kwa moja kwa msimamizi, akaungama mbele ya ukumbi mzima: njia ile, jina lile, yote, bila kumtaja mwingine hata mmoja. Kasuku alikuwa anatazama viatu vyake. Msimamizi aliwaamuru wapagazi waitoe ile meza siku hiyo hiyo, na kwa pumzi hiyo hiyo akamwambia Asali afungashe vitu vyake. Asali hakujitetea. Aliona ni nafuu, kama mtu anayedaiwa mengi akalipa kidogo.

Lakini la Mwalimu halikumtoka kichwani. Kila alasiri alikwenda kwa mshonaji. Kitambaa kilikuwa kimenunuliwa, cherehani ilikuwa inakwenda mbio. Alikata nyuzi, alishona vifungo, alifagia vipande, alichota maji. Wazazi walikuja kuchukua sare, wakiona haya, wakileta sabuni na matunda. Mama mshonaji aliwaambia mmoja mmoja, "Yamekwisha, nimewasamehe." Hata yule aliyeandika kwa mkaa alijitokeza, akasamehewa, akaufuta mlango kwa mikono yake.

Asali alisikia kila msamaha akiwa ameinamia vifungo. Wa kwake haukuja. Mama mshonaji alimwambia "nipe mkasi," alimwambia "kaza hapo," alimkaribisha chakula. Asali alipomwomba msamaha, alitazama mbali, kama mtu anayesikiliza kitu kingine.

"Muda, dada," msichana alimfariji uani. "Mama si mtu wa kinyongo. Ila tangu siku ile anasema ni kama kuna mtu kamkalia kifuani, neno linafika shingoni halitoki."

Asali alimpelekea Mwalimu maneno hayo. Mwalimu alikunja uso, akasema atakuja Ijumaa, na kwamba asichoke kuomba.

Alhamisi, sare ya mwisho ilikwisha kuchukuliwa. Kwa kipande kilichobaki, ambacho mwenye nacho alikataa kurudishiwa, mama mshonaji alikuwa anamshonea bintiye gauni. Msichana alisimama katikati ya chumba, uso kwa dirisha, mikono ameinyanyua kidogo asichomwe. Mama alikuwa amepiga magoti nyuma yake akipima pindo, pini zimepangwa midomoni. Jua la alasiri liliingia mpaka kitandani. Kwa mara ya kwanza chumba kilikuwa na harufu ya kitambaa kipya tu.

Asali aliona ndiyo saa. Akaweka chini sindano.

"Mama," alisema, "sina cha kukulipa. Nilikunyima sikio langu, nikakupeleka pasipo na mtu. Najua haki yako iko shingoni kwangu. Kwa ajili ya Mungu, nisamehe."

"Nimekusamehe, binti yangu," sauti ya mama ikasema, safi, ya upole. "Yamekwisha. Usirudi tena kuomba."

Msichana alipiga ukelele wa furaha, akacheka akitazama dirishani, asithubutu kugeuka kwa ajili ya pini. "Umesikia, dada? Umesikia? Si nilikwambia! Mama amekusamehe!"

Asali alikuwa anamtazama mama mshonaji usoni. Pini zilikuwa zimebanwa midomoni, zimepangana, hazijatikisika hata moja. Na juu ya midomo ile iliyofumbwa macho ya mama yalikuwa yamejaa machozi, yamemkazia Asali, na kichwa chake kilikuwa kinatikisika taratibu, kulia, kushoto: hapana, hapana, hapana.